Kilima cha Wafiwa

Njia niliyopita hadi kufika Upoleni haina faida kwa msomaji, na sina nia ya kumchosha nayo. Nitasema tu kwamba niliingia nchi hiyo mwanzo wa masika, nikiwa na begi moja na mwavuli mbovu, na kwamba kabla ya kuanza kutangatanga duniani nilikuwa bwana afya kwa miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kukagua vyoo, visima na mitaro, na kazi hiyo inamharibu mtu. Hadi leo nikiona mtaro umeziba kichwa huniuma, na nikiona mtu anautazama kisha anapita zake, natamani kumzaba kibao. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani.

Watu wa Upoleni ni wapole kupita wote niliowahi kuishi nao. Ukijikwaa njiani, mtaa mzima unakupa pole. Ukipiga chafya, pole. Ukisema umetoka mbali, utapewa pole ya safari, pole ya jua na pole ya kuwaacha wa nyumbani kwako. Siku ya kwanza nilijiona nimefika peponi. Siku ya pili nilianguka kwenye tope mbele ya kibanda cha muuza mkaa, na watu saba waliokaa pale wakanipa pole kwa sauti ya uchungu wa kweli, hadi mmoja akatoa kitambaa akajifuta macho. Hakuna aliyenyanyuka kunishika mkono. Nilijizoazoa mwenyewe.

Nchi yao ni bonde. Mto Ngurumizi unapita katikati, na kila baada ya miaka miwili mitatu unatoka kwenye kingo zake na kuingia majumbani. Hili si siri. Hata watoto wanajua alama ya maji ilipofika ukutani mwaka gani. Nchi nyingine yenye mto wa namna hiyo ingejiandaa kwa mafuriko. Upoleni wanajiandaa kwa msiba, na ilinichukua siku nyingi kuelewa tofauti yake. Kwao, kujiandaa kwa mafuriko ni uchuro. Ukizibua mtaro, unauita mto. Ukifunga virago mapema, unawatakia majirani zako mabaya. Bali kujiandaa kwa msiba ni adabu, ni dalili ya malezi mema, na asiyefanya hivyo haozwi mke.

Ofisi kubwa kuliko zote nchini ni Idara ya Rambirambi. Nilitembezwa ghala lake. Niliona viti elfu nne vilivyopangwa kwa namba, mahema yaliyokunjwa vizuri, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na vitambaa vya kufutia machozi vilivyopigwa pasi. Chumba cha mwisho kilikuwa cha hotuba. Zimeandikwa tayari za miaka kumi ijayo, zimeachwa nafasi za majina tu. Karani alinipa moja nisome. Ilianza kwa kusema, “Kwa masikitiko makubwa tumepokea habari hizi za ghafla.”

“Za ghafla vipi,” nikamwuliza, “na wewe umeziandika mwaka juzi?”

Alinitazama kwa huruma. “Pole, mgeni,” akasema, akairudisha karatasi kwenye jalada.

Juu ya mji kuna kilima kimoja, na hakuna kingine. Hapo tu ndipo maji hayajawahi kufika, na kwa sababu hiyo ndipo misiba ya mafuriko hufanyikia. Kinaitwa Kilima cha Wafiwa. Kimezungushiwa ukuta mrefu kumzidi mtu kwa mkono mzima, na chini kabisa, usawa wa barabara, kuna geti la chuma. Nyasi za ndani hukatwa kila wiki. Kanuni yake ni fupi: geti litafunguliwa kwa wafiwa tu, jina la marehemu likishaandikwa kitabuni na mashahidi wawili kutia saini, mmoja wao asiwe ndugu. Mkuu wa geti aliitwa Bwana Shaweji, mtu mnene, safi, mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliye hospitali kumwona mgonjwa. Nilimwuliza kama walio hai wanaruhusiwa kupanda kabla hawajafa.

“Kabla hawajafa,” akaniuliza, “wanapanda kufanya nini?”

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nilipanga chumba Mtaa wa Topeni, karibu na mto, kwa mwanamke aitwaye Sikudhani. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili, wa miaka sita na minane, na alikuwa akimtunza mama yake, Bi Zawena, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kutembea. Mume wa Sikudhani alichukuliwa na mafuriko miaka minne iliyopita. Kila jirani aliyenizungumzia habari zake alinisifia msiba ulivyofana.

“Ni kweli ulifana,” Sikudhani aliniambia siku moja, anachambua mchele. “Walikuja watu elfu moja na mia mbili kumlilia. Siku alipokuwa juu ya paa anaita, hakuja hata mmoja.”

Akaendelea kuchambua mchele. Nilitaka kusema pole, nikaacha.

Mwanamke huyu alikuwa akifanya kosa kubwa kwa sheria za kwao: alikuwa akijiandaa. Alifanya mambo yake mlango umefungwa, kama mtu anayepika gongo. Vyeti vyote alivitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga na kuutundika darini. Alikuwa na dumu la maji safi, mihogo mikavu, viberiti ndani ya kopo, na dawa za mama yake zimefungwa kwenye kanga. Kando ya mto alichomeka mti wenye alama tatu, ya mwisho nyekundu, na kila asubuhi alikwenda kuutazama akijifanya anachota maji. Alikuwa na kamba ndefu ya katani. Alikuwa ameshona machela kwa gunia na miti miwili ya kubebea Bi Zawena. Mabinti aliwafundisha kama sala: msiingie maji yanayokwenda mbio hata yakiwa chini ya goti, msiguse waya ulioanguka, hatupiti njia ya kisimani, tunapita kichochoro cha juu, na tunaanza na bibi.

“Wananiona mwenda wazimu,” alisema.

Kweli walimwona hivyo. Jirani yetu Mama Tunu, mwanamke mcheshi wa miaka sitini na minne, alichungulia dirishani akaona ile machela, akapiga kelele, “Wee Sikudhani! Mungu hapendi! Unatuchuria mtaa mzima!”

“Siwachurii, Mama Tunu. Nataka mama yangu apande kilimani akiwa hai, basi.”

“Haya, jichurie peke yako,” akasema Mama Tunu akicheka, akaenda zake kwenye mazoezi ya kulia. Maana kila Jumamosi walikuwa na mazoezi, uwanjani, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na mwalimu akiwaonyesha lini waanze na lini wanyamaze. Sijaona watu wanaolia kwa mpangilio kama wale.

Mimi nilishughulika na mtaro. Chini ya barabara ya Topeni kuna kalvati la kupitisha maji ya mvua kwenda mtoni, na ndani yake mlikuwa na godoro, mifuko, matairi na ubao wa mlango. Watu wanne wenye majembe wangelizibua kwa nusu siku. Nilipolitazama kichwa kiliniuma hadi nikakaa chini. Sikudhani akaniambia alishaandika barua saba kuomba ruhusa, kwani kugusa kalvati bila ruhusa ni kifungo. Tukaenda pamoja Idara ya Rambirambi. Karani alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akafungua jalada. Barua saba zilikuwemo, na majibu saba, yote yakisema Idara imepokea kwa huzuni ombi lako na inakupa pole.

“Sitaki pole, kaka yangu,” Sikudhani akasema. “Nataka kuondoa godoro.”

“Nakuelewa, dada. Lakini lile kalvati limeorodheshwa kuwa chanzo cha maafa yajayo.” Alituonyesha orodha, na kweli lilikuwemo, namba ya pili. “Chanzo cha maafa ni ushahidi. Tukikuruhusu uharibu ushahidi kabla ya tukio, tume ya uchunguzi itachunguza nini?”

Nilisimama nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Karani akanipa kitambaa kilichopigwa pasi.

Ikabaki njia moja. Sikudhani alipeleka ombi Barazani kwamba geti la kilima lifunguliwe mara maji yatakapofika alama nyekundu, bila kungoja kifo. Tulikwenda kusikiliza. Wajumbe walilijadili kwa heshima, sikusikia hata mmoja aliyekejeli. Wa kwanza alisema wazima wana miguu mizito, watakanyaga nyasi, na wafiwa watakuja kukaa kwenye matope. Wa pili alisema kila mwananchi ana haki ya kufarijiwa, na anayezuia msiba anamdhulumu mwananchi haki hiyo. Wa tatu aliuliza swali ambalo Baraza zima lililipigia makofi: “Mwaka huu tumeongeza viti mia tano. Tukianza kuokoa watu, viti hivi vitakaliwa na nani?”

Ombi likakataliwa, wakampigia Sikudhani makofi ya pole. Kisha spika akatuomba wote tusimame dakika moja, kimya, kuwakumbuka watakaokufa masika hayo. Tukasimama. Wajumbe wengine walikuwa wakidondosha machozi. Nilimtazama Sikudhani, nikaona midomo yake inatikisika.

“Nilikuwa nataja majina yetu,” aliniambia nje. “Sijui walikuwa wanamkumbuka nani kati yetu.”

Mvua ilinyesha siku tatu huko juu mto unakoanzia, na siku ya nne, Jumatano, ikaja kwetu. Saa moja asubuhi Sikudhani alirudi kutoka mtoni anakimbia. Alama nyekundu ilikuwa imefunikwa. Aligonga mlango mmoja mmoja mtaa mzima. Siku hiyo hawakucheka, kwa sababu maji ya mvua, baada ya kukuta kalvati limeziba, yalikuwa yamegeuka na kuanza kutambaa uchochoroni. Tulimlaza Bi Zawena kwenye machela, Sikudhani akashika mbele, mimi nyuma, mabinti wakashikilia kamba katikati yetu. Tulipita kichochoro cha juu. Bi Zawena alikuwa anatutania njia nzima, anasema hajabebwa hivi tangu siku ya harusi yake, na kwamba bwana afya ananuka jasho.

Tulipofika getini saa nne, watu wa Topeni walikuwa wamejaa, kiasi cha mia mbili, na vifurushi na watoto migongoni. Geti lilikuwa limefungwa. Bwana Shaweji alisimama ndani, kitabu mkononi, amevaa suti nyeusi.

“Poleni sana,” alisema. “Kuna mfiwa yeyote hapa?”

Watu wakatazamana. Hakukuwa na aliyefiwa.

“Basi siwezi kufungua. Nawaombeni msubiri. Hali ikiwa mbaya zaidi, kama Mungu akipenda, nitawafungulia.”

Tulibishana naye karibu saa nzima. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nilimwambia yeye ni mjinga, akanijibu anaelewa uchungu wangu. Nyuma yetu njia tuliyopita ilikuwa imeshaingia maji. Mtoto mmoja alianza kulia, wengine wakamfuata. Ndipo Bi Zawena aliponyanyua mkono kutoka kwenye machela.

“Wewe kijana,” akamwita Bwana Shaweji, ambaye ana miaka hamsini. “Kanuni yako inataka jina, au inataka maiti?”

Akafungua kitabu, akasoma, akarudia kusoma. “Inataka jina, mama. Na mashahidi wawili.”

“Niandike mimi.”

“Mama!” Sikudhani akaruka.

“Nyamaza. Ni wino tu huo. Nimekula chumvi nyingi, jina langu haliogopi karatasi. Niandike, kijana, uwafungulie hawa watoto.”

Bwana Shaweji alifikiri sana. Hakuona katazo. Shahidi ndugu akawa Mama Tunu, aliyekuwa binamu wa Bi Zawena. Shahidi asiye ndugu ilibidi awe mgeni, kwani Topeni wote ni ndugu kwa namna fulani, na mgeni nilikuwa mimi. Nilitia saini upesi upesi, nikajiona mjanja. Nilidhani nimeipiga chenga kanuni yao ya kijinga, na nitakuwa na kisa cha kuchekesha cha kusimulia nyumbani. Akaandika tarehe, akatazama saa yake, akaandika saa tano asubuhi, akagonga muhuri. Geti likafunguliwa.

Watu waliingia. Mabinti waliingia. Sisi na machela tukawa wa mwisho, na Bwana Shaweji akanyoosha mkono kutuzuia.

“Wafiwa wapite. Marehemu haingii.”

“Marehemu gani?” Sikudhani alisema. “Huyu anakutazama!”

“Marehemu husubiri eneo la tukio hadi maji yapungue na kamati ije impokee. Ni kifungu cha nne.” Alikuwa analia, wallahi alikuwa analia kweli. “Dada yangu, mkimwingiza akiwa hai, jina litakuwa la uongo. Jina likiwa la uongo, geti limefunguliwa kinyume cha sheria, na itanilazimu niwatoe wote. Mia mbili na kumi na tatu. Na watoto wako.”

Niliangalia nyuma kwa watu wa Topeni waliokuwa wameshaingia. Nilitegemea wataguna, watasukuma, watampokonya yule bwana kitabu chake. Walikuwa wapole. Walisema, “Pole, Bi Zawena. Pole, Sikudhani.” Wachache walikuwa wameshaanza kutafuta namba za viti vyao.

Bi Zawena ndiye aliyeamua. Nje ya geti palikuwa na benchi la saruji la walinzi, akasema tumlaze pale. “Nenda kwa wanao,” akamwambia Sikudhani. “Maji yenyewe pengine hayatafika hapa. Nenda, ukibaki huku nje hatakuruhusu kuingia tena, na wale wadogo watabaki na nani? Nenda nimesema.” Sikudhani alimbusu miguu ile iliyovimba, akaingia. Mimi nikamfuata. Nami ningeweza kubaki nje, sina mtoto, sina mtu anayeningoja. Niliingia.

Geti likafungwa, nasi tukaanza kuzunguka meza hadi meza. Sikudhani alikwenda meza ya Uandikishaji kuomba jina la mama yake lifutwe, akaambiwa marehemu hufutwa kwa maombi yake mwenyewe. Alikwenda meza ya Mapokezi, akapewa chai. Alikwenda meza ya Faraja, wakamshika mikono miwili wakalia naye. Kila baada ya meza moja alirudi ukutani kuzungumza na mama yake. Mabinti walikaa chini ya geti, kwenye upenyo, wakampitishia bibi yao kikombe cha chai ya tangawizi, naye akawalaumu kwamba sukari ni kidogo. Wakati huo wote mahema yalikuwa yanasimamishwa na viti vinapangwa karibu na ukuta, na kazi ilifanyika kwa haraka na ustadi ambao sijauona popote. Wanaume sitini walibeba masufuria yale makubwa kutoka getini, yalipokuwa yameletwa mapema, hadi kileleni bila kupumzika.

Saa nane na nusu kipaza sauti kikafunguliwa na tanzia ikaanza kusomwa. Nilipewa kiti cha mstari wa mbele, kwa kuwa nilikuwa shahidi. Msomaji alijaza jina pale palipoachwa wazi. Alisema marehemu Zawena alizaliwa Kijiji cha Mbugani.

“Si Mbugani!” sauti ikatoka nje ya ukuta. “Nimezaliwa Kwamkole!”

Watu wengine walicheka, kisha wakaziba midomo. Msomaji akaendelea. Alisema marehemu alikuwa mtu mkimya.

“Nani mkimya? Muulize Mama Tunu!”

Mama Tunu aliinamisha uso kwenye kanga. Ikapita kama robo saa ya namna hiyo, tanzia ikisomwa na marehemu akiisahihisha, halafu yale majibu yakaanza kuwa mafupi, na badala yake tukasikia, “Sikudhani. Mwanangu. Yamefika kwenye benchi.”

Sikudhani alikuwa ukutani kabla hajamaliza. Alirusha kamba yake juu ya ukuta. “Jifunge, mama! Jifunge kwapani!”

“Vidole vimekufa ganzi. Nimeishika tu. Vuta.”

Akavuta. Aliweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zote, na kamba haikusogea ila shibiri moja. Mwanamke mmoja hawezi kumpandisha mtu mzima ukuta ule. Watu wanne wangetosha, watano wangemvusha kama furushi. Akageuka kwetu, kamba imemzunguka mkononi, akapiga ukelele ambao naamini nitakufa nao masikioni.

“Nisaidieni! Jamani, ananitoka! Njooni mnisaidie!”

Watu mia mbili walikuwa wamekaa. Kanuni ya Upoleni ni kwamba wakati tanzia inasomwa hakuna anayenyanyuka. Wakaanza kulia, wanawake upande huu na wanaume upande ule, kama walivyofundishwa, na walikuwa wanalia kwa uchungu. Pole, Sikudhani. Pole, mwanetu.

Na mimi? Niliyewatukana wote, niliyemwita Bwana Shaweji mjinga? Nilikuwa mstari wa mbele, msomaji yuko katikati ya sentensi, na mimi nimelelewa kutomkatiza mtu akisoma habari za maiti. Nilisubiri afike kwenye nukta. Wewe unayenisoma, hukusoma vibaya. Nilisubiri nukta, halafu nikainuka nikakimbia, nikaishika kamba nyuma ya mikono ya Sikudhani iliyokuwa imechubuka damu, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Ikaja nyepesi.

Nilianguka nayo chali kwenye nyasi. Sikudhani hakuanguka. Alisimama palepale anautazama ukuta, anaita, “Mama? Mama?” kwa sauti ndogo kama mtu anayeuliza kama kuna mtu ndani. Nyuma yetu kipaza sauti kikasema, “Mungu aiweke roho yake mahali pema,” na mara hii hakuna aliyekisahihisha.

Ijumaa maji yalipopungua kamati ilikwenda kumpokea. Walimkuta kwenye kalvati la Topeni, pamoja na lile godoro. Walimbeba kwa heshima kubwa. Msiba ulifana, walikuja watu elfu mbili na kidogo. Baraza lilikutana wiki iliyofuata likasema haijawahi kutokea katika historia ya nchi kwamba jina moja liokoe watu mia mbili na kumi na tatu. Wajumbe walifurahi, wakaona wamepata dawa ya mafuriko. Wakapitisha sheria kwamba tangu sasa kila mtaa uteue mapema, kabla ya masika, mtu wake mmoja wa kuandikwa, naye ataitwa Mtangulizi. Habari za godoro hazikutajwa.

Topeni haikuwa na mkutano wa kuteua. Watu walianza tu kumwamkia Mama Tunu kwa kuinama zaidi kuliko zamani. Jioni moja nilikuwa nafunga begi langu alipoingia uani kwetu, bila ucheshi wake, akasimama mlangoni.

“Sikudhani, mwanangu,” akasema. “Wananiletea uji. Tangu juzi. Kila nyumba inaniletea uji.”

Sikudhani alimtazama. Huyu ndiye aliyemcheka, na ndiye aliyekaa kitini siku ile. Kisha akajisogeza kwenye mkeka akamwachia nafasi, na Mama Tunu akakaa, akaanza kulia kwa namna ambayo hawakumfundisha uwanjani, makamasi yanamtoka, hajui pa kuweka mikono.

Mimi nilikuwa na shughuli moja iliyobaki. Shahidi hupewa nakala ya hati, na ana siku kumi za kurekebisha kosa. Yangu iliandikwa: Zawena, mkazi wa Topeni. Amefariki Jumatano saa tano asubuhi. Sababu, mafuriko. Maji kufika eneo la tukio, saa tisa alasiri. Nilitoa kalamu. Nilitaka angalau saa ile iandikwe sawasawa, na sitadanganya, nilitaka kwa ajili yangu, kwa sababu saini iliyo chini ya uongo huo ni yangu na ilikuwa inaninyima usingizi.

Sikudhani aliniona nainama juu ya karatasi. Akaja akaweka kiganja chake juu yake, kiganja kile ambacho kamba ilikuwa imekichuna na kilikuwa bado hakijapona.

“Usiguse,” akasema. “Iache hivyo hivyo na muhuri wao. Nenda nayo huko kwenu, waonyeshe watu. Ukiirekebisha hiyo saa, nani atajua kwamba tulikuwa na masaa manne?”

Nikarudisha kalamu mfukoni. Hati ninayo, haijafutwa hata herufi moja.